Foleni ya Ritifaa

Jumamosi, tarehe 19 Septemba 1998. Kulikucha kwa manyunyu, yale yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu, na upepo wa milimani ulikuwa ukifukuza majani ya kabichi kutoka upande mmoja wa uwanja wa soko hadi mwingine. Nilikuwa nimesali mara tatu kabla ya saa mbili. Mara ya kwanza niliomba watu kumi na mmoja. Mara ya pili niliomba watu kumi na mmoja, tafadhali. Mara ya tatu nilieleza sababu, ingawa najua Mungu alikuwa anaifahamu.

Sababu yenyewe ni hii. Darasa letu la jioni la Kiingereza, linalokutana kila Jumanne katika chumba cha juu cha maktaba ya Hebthwaite, lilikuwa karibu kufungwa. Halmashauri ilituandikia barua: majina kumi na mawili yawe mkononi mwa ofisa wake kabla ya saa sita kamili mchana wa siku hiyo, la sivyo chumba kitapewa chama cha wafuga njiwa. Jina lililokuwapo ni moja tu, langu: Beryl Ormerod, umri miaka sitini na miwili, kazi kuuza mboga.

Mtu anaweza kuuliza Mwingereza wa miaka sitini na miwili anatafuta nini katika darasa la Kiingereza. Kusema najua. Shida yangu ni ritifaa, ule mkia mdogo unaoning'inia hewani. Wewe msomaji umezoea kuuona kwenye neno ng'ombe, umetulia. Kwetu hautulii. Vitu vikiwa vingi, neno huongezewa s, na mkia hautakiwi kabisa. Kitu kikiwa cha mtu, jina la mwenyewe huwekewa mkia, kisha s. Wenye kitu wakiwa wengi, mara nyingi mkia huhama, ukaenda kukaa nyuma ya s. Na ukitamka, yote matatu husikika sawasawa, kwa hiyo mdomo hauwezi kukuokoa.

Niliacha shule nina miaka kumi na mitano. Kwa miaka arobaini niliandika vibao vya bei kwenye kibanda changu, na kila mboga iliyozidi moja niliipa mkia. Viazi vilikuwa na mikia, karoti zilikuwa na mikia, hata mbaazi. Niliona inapendeza, kama kumfunga mtoto utepe. Siku moja mgeni kutoka kusini akapiga picha vibao vyangu kumi na vinne, kimoja kimoja. Nilimpa tufaha bure kwa kuwa nilidhani amezipenda nyanya. Jioni yake Cyril Shuttleworth, mwenye bucha jirani yangu, alinieleza kilichokuwa kikimchekesha yule bwana.

“Mama viazi,” aliniambia, “kibao chako kinasema hapa pana mali ya kiazi. Kiazi kimoja, tena tajiri.”

Nililia kidogo nyuma ya magunia, nikasali, halafu nikajiandikisha darasani.

Hilo lilikuwa mwaka mmoja kabla ya Jumamosi ninayoieleza. Wingi nilikuwa nimeuweza. Umiliki nilikuwa nimefika nusu. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Katika kanisa letu la Wamethodisti kuna ubao wa maombi. Mtu humnong'oneza mwandishi haja yake, mwandishi huiandika ubaoni, na Jumatano tunaiombea sote. Mchungaji aliniomba mara mbili niwe mwandishi, kwa sababu hakuna anayesali kunizidi. Mara mbili nilimjibu kwamba macho yangu ni mabovu. Macho yangu yanaona hadi nambari za basi la upande wa pili wa bonde. Nilimdanganya mchungaji, ndani ya kanisa, kwa ajili ya mkia. Sikutaka Mungu aletewe goti bovu la mjane mmoja akadhani ni la wajane wote. Nilihitaji mwaka mmoja zaidi wa masomo, kisha ningeenda kwa mchungaji nikamwambie macho yamepona. Darasa likifungwa, nilijua nitakufa na uongo huo.

Basi saa mbili na nusu tuliweka meza chini ya mnara wa saa, mimi na mwalimu wetu, Bi Rosalind Entwistle. Ni mwanamke mwembamba, ambaye hajaolewa, aliyefanya kazi ya kusahihisha ratiba za treni kwa miaka thelathini. Miwani yake ni minene kama kitako cha chupa, lakini haivai kwenye upepo kwa sababu humtoa machozi. Alikuwa ameandika bango kwa mkono wake, herufi nzuri zilizosimama wima: DARASA LA JIONI. WINGI NA UMILIKI. JUMANNE SAA MOJA. KARIBUNI NYOTE. Tuliliegemeza mbele ya meza, tukaweka daftari na kalamu, tukasubiri.

Hakuna aliyekuja. Si kwamba soko lilikuwa tupu. Watu walikuwa wengi, lakini wakifika hatua ishirini kutoka kwetu walilisoma bango, wakageuka ghafla kana kwamba wameacha kitu jikoni. Kwetu mtu atakubali kuonekana akitoka kituo cha polisi kuliko kuonekana akisoma tangazo la darasa la lugha yake mwenyewe. Mwanamke mmoja alilizunguka kanisa zima ili afike duka la mikate lililokuwa mbele ya macho yake.

Cyril alisimama mlangoni pa bucha lake, mikono kwenye aproni. Juu ya kichwa chake bango jipya la duka lilikuwa limefunikwa magunia. Lilikuwa hivyo kwa wiki tatu, na mji mzima ulisema anatayarisha jambo kubwa.

“Mwalimu!” aliita. “Mmepata wangapi?”

“Bado mapema, Bwana Shuttleworth,” alijibu Bi Entwistle.

“Nitawaletea soseji zangu mziandikishe. Ni nyingi, na zina mwenyewe. Si ndicho mnachofundisha?”

“Zikija na kalamu nitazipokea,” alisema Bi Entwistle bila kugeuka, na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Saa tatu na nusu bado tulikuwa na jina moja. Niliona niongeze sala. Nilitoka nyuma ya meza, nikasimama mbele yake nikiielekea, nikafumba macho. Nilisali kwa muda mrefu. Katikati ya sala nilisikia dhoruba ya upepo, na kitu kikaanguka puu karibu na miguu yangu, lakini sikufumbua macho. Nilifundishwa na mama yangu kwamba anayefumbua macho katikati ya sala amemkatia Mungu simu.

Niliposema amina na kugeuka, Mzee Horace Lumb alikuwa amesimama nyuma yangu. Ana miaka themanini na mmoja, na huenda kila mahali na kikapu chake cha magurudumu. Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye koti la mvua la kijani, na nyuma ya mwanamke huyo, vijana wawili waliovaa fulana za timu moja.

“Samahani, mwanangu,” alisema Mzee Horace. “Hapa ndipo mwisho wa foleni?”

“Mwisho?” nikasema. “Hapa ni mwanzo, mzee.”

“Ah. Basi nimebahatika.” Akaivua kofia. “Ukimaliza, nami nitasogea. Usiharakishe kwa ajili yangu.”

Inabidi niseme jambo moja kuhusu watu wetu, kisha sitalirudia. Tukimwona mtu amesimama mbele ya meza, tunasimama nyuma yake. Hatuulizi foleni ni ya nini. Kuuliza ni kukiri kwamba umesimama bila kujua, na kuliko kukiri hivyo mbele ya watu, afadhali mvua ikunyeshee. Kwa hiyo kila anayefika hudhani aliye mbele yake anajua, na aliye mbele yake hudhani hivyo hivyo.

Mimi sikuwaza hayo wakati ule. Niliwaza kwamba nimejibiwa. Nilipisha, machozi yakinilenga, na Mzee Horace akasogea mezani.

“Jina na anwani hapa, tafadhali,” alisema Bi Entwistle. Bila miwani alikuwa akiwaona watu kama ukungu wenye kofia, lakini alitabasamu vizuri.

Mzee Horace aliandika jina na anwani. Mwanamke wa koti la kijani akaandika. Wale vijana wakaandika. Kwetu ukifika mbele ya foleni ukapewa kalamu, unaandika. Kurudisha kalamu bila kuandika ni kama kukataa mkono wa mtu. Na walipokwisha kuandika hawakuondoka, bali walijipanga upande wa pili wa meza, kwa utaratibu, wakingoja watakachopewa.

Saa nne na robo jina la kumi na mbili liliingia daftarini. Nilihesabu mara mbili kwa kidole. Foleni ilikuwa imelizunguka birika la kunyweshea farasi na kufika benki. Nilitaka kuimba. Nilipita kando yake kuwashukuru watu kwa macho, na hapo ndipo nilipoyasikia mazungumzo.

“Wanasema ni chanjo ya mafua,” alisema mama mmoja mwenye mbwa.

“Hapana, mpenzi, chanjo ni Oktoba. Hii ni vitunguu vya maua, vya kupanda bustanini. Halmashauri inagawa bure.”

“Maua ya tulipu?”

“Sijui. Mimi ningefurahi hata vikiwa vya narsisi.”

“Vyovyote vile,” alisema bwana mmoja nyuma yao, akimimina chai kutoka kwenye themosi, “ni foleni nzuri. Sijaona nzuri hivi tangu harusi ya malkia.”

Nilirudi mbio mezani. Bango letu lilikuwa limelala kifudifudi kwenye matope, na mgongo wake mweupe ulikuwa na alama za viatu. Ndicho kile kilichoanguka puu wakati nikisali. Watu walikuwa wameanza kuja tangu pale walipoacha kujua tunatoa nini.

Nilisimama na bango lile mkononi. Nakiri wazo lililonijia. Majina kumi na mawili yalikuwa yameingia, kwa wino, na sheria haikusema watu wajue wanaandikia nini. Ningeweza kulilaza bango tena, taratibu, pale pale lilipokuwa. Nilifumba macho nikasali mara ya tano, na sala hiyo ilikuwa fupi sana, kwa sababu jibu lilifika kabla sijamaliza swali. Lilikuwa jibu lile lile nililolipata kila nilipomdanganya mchungaji.

Nikamwambia mwalimu. Alivaa miwani, akalitazama bango, akaitazama foleni, machozi yakaanza kumtiririka, sijui kwa upepo au kwa lingine.

“Tutawapoteza wote, Bi Ormerod,” alisema.

“Najua, mwalimu.”

“Basi panda juu ya kitu, wasikie vizuri.”

Nililileta kreti la kabichi kutoka kibandani, nikapanda. Sijawahi kusema mbele ya watu isipokuwa bei.

“Samahani!” niliita. Watu wote wakasema “samahani” nao, kama tulivyozoea.

“Hakuna chanjo,” nilisema. “Wala vitunguu vya maua. Bango letu lilianguka na sikuliona. Hii ni foleni ya darasa la jioni la kujifunza ritifaa. Wingi na umiliki. Mimi ni mwanafunzi. Mmeviona vibao vyangu miaka arobaini, mnajua kwa nini. Mchungaji wangu anadhani mimi ni nusu kipofu, kwa sababu nilimwambia hivyo nisije nikaandika ubaoni mbele yenu. Naona vizuri sana. Walioandika majina bila kujua, yafutwe, na samahani kwa usumbufu. Nimemaliza.”

Hakuna aliyesogea. Nilingoja foleni ivunjike. Niliona shingo zikigeuka, kila mtu akimtazama wa mbele yake na wa nyuma yake, na nikaona jambo likipita katikati yao kama upepo kwenye majani. Kuondoka sasa kungekuwa kusema: nimesimama dakika arobaini sijui nimesimamia nini.

Mama mwenye mbwa alikohoa. “Kwani ulidhani tumesimama hapa kwa ajili gani?” aliniuliza.

“Mimi nilijua tangu mwanzo,” alisema yule bwana wa themosi.

“Hata mimi,” alisema yule wa vitunguu vya maua. “Ritifaa. Nilikuwa namwambia mwenzangu sasa hivi.”

“Uliniambia narsisi,” alisema mwenzake.

“Narsisi zina ritifaa pia, ukizimiliki.”

Mzee Horace, aliyekuwa upande wa pili wa meza akingoja zawadi yake, aliinua mkono. “Mimi sikujua,” alisema. “Nilidhani ni supu.” Watu walimtazama kwa huruma. “Lakini sasa mnalolisema ni la maana. Mwaka wa hamsini na tatu nilimwandikia barua binti mmoja nikitaka kumwoa. Aliirudisha imesahihishwa kwa wino mwekundu. Mikia kumi na saba. Sikuoa. Msilifute jina langu.”

Kisha foleni ikasogea hatua moja mbele.

Niliposhuka kwenye kreti nilimwona Cyril. Alikuwa mtu wa thelathini na tatu kwenye foleni, aproni ameigeuza ndani nje, kofia ameishusha hadi puani.

“Cyril,” nikasema.

“Sinunui mboga leo.”

“Soseji zimekutuma?”

Alitazama huku na huku, akaniinamia. “Sikia, mama viazi, na ukimwambia mtu nitakukana. Unaliona bango langu lile? Mimi na wanangu wawili sasa duka ni letu sote. Fundi ameandika majina yetu, amebakiza mkia tu. Ameniuliza uende wapi, kabla au baada ya s. Nimemwambia nitafikiria. Nafikiria wiki ya tatu. Ndiyo maana ya magunia.”

Miaka yote aliyonicheka sikujua kwamba naye alikuwa akibahatisha. Nilitaka kumtania, nikashindwa. Nilimpa tufaha.

Saa tano na nusu alifika Bwana Gilbert Whiteoak, ofisa wa halmashauri, mtu nadhifu mwenye mkoba na mwavuli uliofungwa. Ndiye aliyetakiwa kupokea majina. Aliitazama meza kwa mbali, akaitazama foleni, akatembea kwa utulivu mpaka benki, akasimama mwisho.

Nilimfuata. “Bwana Whiteoak, sisi tunakungoja wewe. Njoo mbele.”

“Siwezi, Bi Ormerod. Kuna watu walionitangulia.”

“Lakini daftari ni la kwako! Ukilikosa saa sita tumefungwa.”

“Najua. Mimi ndiye niliyeiandika barua.” Uso wake ulikuwa na uchungu wa kweli. “Lakini unaniona mtu wa namna gani? Nipite mbele ya watu ishirini na wanne?”

Mama mwenye mbwa alimgeukia. “Akipita mbele yangu nitaandika gazetini,” alisema.

“Unaona?” alisema Bwana Whiteoak.

Nilimwendea mwalimu nikamwambia ampelekee daftari. Bi Entwistle alishtuka. Angeliondoa vipi mezani wakati watu wamelisubiri? Mtu aliyekuwa mbele tayari alikuwa ameshika kalamu. Basi tukabaki hivyo: daftari mwanzo wa foleni, ofisa mwisho wake, na saa ya mnara juu yetu ikitembea. Watu waliandika haraka iwezekanavyo, lakini kila mmoja alimwambia mwalimu habari za asubuhi na kusema neno kuhusu manyunyu, maana bila hivyo ingekuwa utovu wa adabu. Saa sita kasoro dakika tano walikuwa wamebaki kumi na wanane.

Ni Mzee Horace aliyetuokoa. “Foleni haiwezi kusogea haraka,” alisema, “lakini daftari linaweza. Lipite mkono kwa mkono. Kila mtu aandike, ampe wa nyuma yake. Hakuna atakayerukwa.”

Watu walilifikiria pendekezo hilo, wakaona halivunji haki ya mtu. Daftari likaondoka mezani. Lilipita mkono hadi mkono, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi, wakiandikia migongoni mwa wenzao. Nililifuata kwa miguu nikisali mara ya sita bila kufumba macho, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Lilimpita mama mwenye mbwa. Lilimpita bwana wa themosi. Saa ya mnara ilisafisha koo kama inavyofanya kabla ya kupiga, na mlio wa kwanza uliposikika daftari likatua mkononi mwa Bwana Whiteoak. Naye, kwa kuwa alikuwa kwenye foleni na amepewa kalamu, aliandika jina na anwani yake.

Tulishangilia, kwa kiasi. Mtu alipiga makofi mawili. Nilimkumbatia mwalimu.

Bwana Whiteoak hakushangilia. Alihesabu kwa kidole, akarudi juu, akahesabu tena. “Hamsini na nane,” alisema, akajisomea kitu kutoka kwenye mkoba, na rangi ikamtoka. “Chini ya kumi na wawili darasa linafungwa. Na juu ya thelathini linafungwa pia. Mwalimu mmoja haruhusiwi kuzidisha thelathini.”

Sikuwa nimeweka kikomo katika sala zangu. Niliomba watu kumi na mmoja mara tatu, halafu nikaacha kutaja idadi.

“Basi wakate wa mwisho,” alisema mtu wa mbele, aliyekuwa salama.

“Wa mwisho ni mimi,” alisema Bwana Whiteoak. Aliufunga mwavuli wake ambao tayari ulikuwa umefungwa. “Na sipendi kukatwa. Nimeandika barua za halmashauri miaka kumi na tisa. Mkia nauweka penye nafasi. Hakuna aliyewahi kuniambia kitu, kwa hiyo sijui ni lipi kati ya mambo mawili: kwamba napatia, au kwamba nao hawajui.”

Hakuna aliyemcheka. Cyril alivua kofia.

“Sheria inasema nini kuhusu walimu wawili?” aliuliza Bi Entwistle.

Bwana Whiteoak alifungua ukurasa mwingine. “Madarasa mawili ya ishirini na tisa yangekubalika. Mwalimu wa pili anatakiwa awe mtu aliyemaliza mwaka mzima wa somo hilo hapa Hebthwaite. Ndiyo hayo tu.” Aliinua macho. “Ni nani aliyemaliza?”

Bi Entwistle alivaa miwani yake, kwenye upepo ule ule, akanitazama mimi.

“Mwalimu, hapana,” nikasema. “Majina yanayoishia na s bado yananipoteza. Mwezi Juni nilizipa ndimu mkia.”

“Nakumbuka,” alisema. “Ukauona mwenyewe kabla sijauona mimi.”

“Hajui yote,” nililalamika kwa Mzee Horace, nikijisema kana kwamba ni mtu mwingine.

“Afadhali,” alisema Mzee Horace. “Waliojua yote ndio waliotufundisha tukiwa watoto, na tazama tulipo.”

“Mimi nataka kuwa katika kundi la mama viazi,” alisema Cyril kwa sauti, uwanja mzima ukasikia. “Nina bango linaningoja. Na namwomba radhi kwa ile ya kiazi tajiri.”

Mchungaji wetu alikuwa amesimama karibu na birika la farasi. Sikujua amekuwapo tangu lini, lakini alikuwa na alama ya wino kwenye kidole, kwa hiyo alikuwa mmoja wa wale hamsini na nane, na alikuwa ameyasikia ya macho yangu. Aliinua mkono wake akaonyesha kreti la kabichi, kama anavyonionyesha kiti changu Jumapili nikichelewa.

Nilipanda. Foleni ilikuwa bado imenyooka, kila mtu mahali pake, na manyunyu yalikuwa yanarudi. Bwana Whiteoak alishika kalamu aandike nitakalosema.

“Mimi Beryl Ormerod,” nilisema, “naahidi mbele za Mungu, mbele ya mchungaji, na mbele yenu nyote kwa mpangilio mliosimama, kwamba Jumanne saa moja jioni nitakuwa chumba cha juu cha maktaba na chaki mkononi. Ninachokijua nitawafundisha. Nisichokijua nitasema sikijui, na sitasingizia macho. Na Jumatano, mchungaji, nitaandika ubaoni.”